Pimbi, Kiboko na Chenga za Antena

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Na runinga!
— Inaonyesha?
— Bado!
— Geuzeni antena!
— Tumegeuza!
— Sasa inaonyesha?
— Bado!
— Basi kaeni. Niwasimulie habari za waliogeuza kabla yenu.

Jumamosi ya fainali, saa kumi na moja jioni, runinga ya Bonde la Mpunga ilimezwa.

Aliyeimeza ni Kiboko, mwenyekiti wa kamati ya runinga. Walioshuhudia ni wengi na maelezo yao hayapingani. Kinachobishaniwa ni kama kosa lilikuwa la antena au la mtandao. Nitawaeleza ilivyokuwa, kisha nyinyi mtaamua. Nina wasiwasi hamtaamua, maana wenyewe pia hawajaamua.

Bonde lile lilikuwa na runinga moja. Ilikaa juu ya kreti la soda lililogeuzwa, ndani ya kibanda umiza cha Mama Kanga. Kwa asiyewahi kuingia, kibanda umiza ni banda la kuangalia mpira ambalo unaingia umenyooka na kutoka umepinda. Mbele kulikuwa na kiti kimoja. Kiti hicho kilikuwa cha Kiboko. Nyuma ya Kiboko walikaa Nyumbu, Ngiri na wengine wote, wakiangalia mgongo wa Kiboko. Mpira waliuona ukitokea kushoto kwake na ukiingilia kulia kwake. Katikati ya uwanja hawakuwahi kupajua.

Nje ya kibanda kulikuwa na Jiwe. Upande wa mbele Jiwe lilisimama wima kama ukuta. Upande wa nyuma lilikuwa na mteremko. Juu ya Jiwe aliishi Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo asiye na mkia, ambaye nyayo zake zina unyevu na zinanata, kwa hiyo anapanda mwamba kama mjusi. Antena ilisimikwa juu ya Jiwe, kwenye mti wa mwanzi, kwa sababu hapo ndipo mawimbi yalipofika.

Antena ile ilikuwa na tatizo moja. Ukiishika, picha inatulia. Ukiiachia, chenga.

Chenga mnazijua. Ni zile punje nyeupe zinazochemka kwenye kioo picha inapopotea, chwaaaa, mpaka mtu anatamani kukipiga kioo kofi. Zimepewa jina la chenga za mchele, zile punje zinazovunjika mashineni. Liwekeni jina hilo akilini.

Kamati ilikaa kuamua nani atashika antena. Nyumbu alisema ana mgongo. Ngiri alisema akiwa juu anaona kizunguzungu. Mama Kanga alisema ana wateja. Kiboko alisema yeye ni mwenyekiti. Kisha wote wakageuka wakamtazama Pimbi.

“Wewe si unaishi hukohuko juu?” Kiboko aliuliza.

“Naishi, mzee mwenyekiti.”

“Basi hujatumwa mbali.”

Kikao kikafungwa.

Tangu siku hiyo, kila mechi ilikwenda hivi. Kiboko anakaa kwenye kiti. Pimbi anapanda juu ya Jiwe. Kiboko anapiga kelele:

“Pimbi! Geuza!”

Kriii.

“Tayari?” anauliza Pimbi.

“Bado!”

Kriii.

“Tayari?”

“Bado! Kulia kidogo!”

“Kulia kwangu au kulia kwako?”

“Kulia!”

Kriii.

“Tayari?”

“Hapo! Hapo hapo hapo! Aaa, umepapita! Pimbi wewe!”

“Naam, ndiye mimi.”

“Rudi! Rudi kidogo! Hapo! Usiachie!”

Na Pimbi haachii. Anashika mwanzi hadi filimbi ya mwisho, jua likimpiga kisogoni. Mpira anausikia. Anasikia “Aaah!” Anasikia “Ooooh!” Anasikia Ngiri akimtukana refa. Kuona haoni.

Angevumilia, ila msimu ule binti yake alichaguliwa kuwa kipa wa timu ya Majabali. Binti anaitwa Zawena. Majabali walianza kushinda. Mechi kwa mechi, bonde zima likamjua Zawena kwa sura, isipokuwa aliyemzaa. Mwanawe alikuwa ameondoka nyumbani tangu mvua zilizopita.

Baada ya mechi wanyama walipita chini ya Jiwe wakirudi makwao.

“Mama Zawena! Mwanao leo kadaka!” alisema Nyumbu.

“Kadaka vipi?”

“Aisee, alivyoruka! Halafu alivyojipinda! Halafu… ah, siwezi kueleza. Ungeona mwenyewe.”

“Ningeona, nani angeshika antena?”

“Hilo nalo neno,” alisema Nyumbu, akaenda zake.

Majabali walipokaribia fainali ya Kombe la Mabonde, Pimbi alikwenda kwa Kiboko bwawani.

“Mzee mwenyekiti, nina ombi. Tukifika fainali, mwingine anishikie antena. Nimuone mwanangu mara moja tu.”

“Ukimuona wewe, antena inashikwa na nani?”

“Na mwingine.”

“Mwingine nani?”

Pimbi akatazama huku na huku kumtafuta huyo mwingine.

“Umeona?” alisema Kiboko. “Umejijibu mwenyewe.” Akazama. Viputo vikatoka, blub, blub, na mazungumzo yakawa yameishia hapo.

Ndipo akaja Kasuku. Kasuku alikuwa wakala wa mtandao. Alikuja na simu moja ya kujaribishia na sauti ya kutosha mabonde yote.

“Mtandao! Mtandao!” alisema kwenye kikao cha kamati. “Mpira mubashara! Mubashara! Hauna mwanzi! Hauna waya! Hauna kugeuza! Hauna Pimbi!”

“Kama hauna Pimbi, mimi naunga mkono,” alisema Pimbi.

Kiboko naye aliunga mkono. Alikuwa na sababu yake. Simu ni ndogo. Angeiweka bwawani kwake, akaangalia peke yake huku akioga.

Nusu fainali ikaangaliwa kwa mtandao. Kiboko alilala majini, simu ikaegemezwa kwenye jiwe ukingoni. Wengine walirundikana nyuma yake wakinyoosha shingo. Mpira ukaanza. Majabali wakapata kona. Mpigaji akarudi nyuma, akakimbia, akainua mguu. Mguu ukabaki hewani. Kiduara kikatokea katikati ya kioo. Kikazunguka.

“Kasuku,” alisema Kiboko. “Hii nini?”

“Inatafuta, mzee. Inatafuta.”

“Inatafuta nini?”

“Mtandao.”

“Si ulisema umekuja nao?”

“Nimekuja nao, nimekuja nao. Ila na wenyewe unatafuta wenzake.”

Kiduara kikazunguka. Wanyama wakakitazama kinavyozunguka. Ngiri alianza kuzungusha kichwa, akaona kizunguzungu akiwa chini. Ghafla, ng'ambo ya kilima, bonde la pili walilipuka: “Gooooli!”

“Wanashangilia nini wale?” aliuliza Kiboko.

“Goli, mzee. Wao wana antena.”

“Na sisi tuna nini?”

“Sisi tuna goli hilohilo, ila bado halijafika.”

“Ulisema mubashara.”

“Ni mubashara, mubashara. Imechelewa kidogo tu.”

Kiduara kikaacha kuzunguka. Mguu ukashuka, kona ikapigwa, goli likaingia. Hakuna aliyeshangilia. Unashangiliaje kitu ambacho jirani ameshamaliza kukishangilia? Mpira ukaendelea, kiduara kikarudi, kikaenda, kikarudi. Kisha kioo kikawa cheusi.

“Sasa je?” aliuliza Kiboko.

“Bando limeisha, mzee. Mpira unakula sana bando.”

“Unafanyaje?”

“Unakula.”

Kiboko akainuka majini. Maji yakamwagika kila upande.

“Mimi nimelala hapa tangu mpira unaanza, sijatia kitu mdomoni. Kumbe hii simu ilikuwa inakula? Mbele yangu? Bila hata kunikaribisha?”

Kasuku alijaribu kueleza bando ni kitu gani. Alieleza mara mbili, kama kawaida yake. Kiboko aliambulia neno moja tu, kula.

Kamati ikakaa tena. Hoja ilikuwa antena au mtandao. Nyumbu alisema antena ina chenga. Ngiri alisema mtandao una kiduara. Nyumbu alisema chenga zinaumiza macho. Ngiri alisema kiduara kinaumiza roho. Mama Kanga alisema antena akipita ndege tu, picha inakwenda. Kasuku akasema kwani yeye si ndege? Hapo wakapoteza muda wakijadili ndege. Nyumbu akarudi kwenye chenga. Ngiri akarudi kwenye kiduara. Waliosikiliza kikao kile kutoka nje wanasema walidhani ni kikao cha wiki iliyopita.

Mwisho Kiboko akapiga maji kwa kichwa, puu!

“Fainali tutatumia vyote viwili. Kibandani itakuwa antena. Mimi nitakuwa pia na simu yangu mkononi, Kasuku atanijazia bando. Chenga zikija naangalia simu. Kiduara kikija naangalia runinga.”

“Na antena?” aliuliza Pimbi.

“Utashika wewe. Kuna swali jingine?”

Kikao kikafungwa.

Pimbi hakulia na hakugomba. Alikwenda mashineni, kule wanakokoboa mpunga, akakusanya chenga za mchele zilizobaki chini ya mashine. Akapanda nazo juu ya Jiwe. Mwanzi, kama mjuavyo, ndani una uwazi. Akamimina chenga kwenye uwazi wa pingili ya juu, akatoboa tundu dogo ubavuni, akaliziba nusu kwa jani. Zilizobaki alizitia mashavuni.

Mchana wa siku iliyotangulia fainali, Kiboko alikuja kibandani kujaribu picha. Akakaa kwenye kiti chake.

“Pimbi! Geuza!”

Kriii.

Kimya.

“Pimbi! Mbona huulizi kama tayari?”

“Mmf.”

“Unasemaje?”

“Mmf mmf.”

Kiboko akatoka nje. Pimbi alikuwa anashuka taratibu, mashavu yamemtuna, anatafuna, karu karu karu. Alipomwona Kiboko akageuzia uso pembeni na kujifuta mdomo.

“Unakula nini?”

“Hamna kitu, mzee mwenyekiti.”

“Shavu hilo ni la hamna kitu?”

“Chenga tu.”

“Za wapi? Chenga zote za mashineni si napelekewa mimi?”

“Si za mashineni. Za antena.”

Kiboko akamtazama. Pimbi akatafuna.

“Mzee, zile nyeupe zinazojaa kwenye kioo, kwani wewe unaziitaje?”

“Chenga.”

“Na kwa nini zinaitwa chenga?”

Kiboko alikuwa amelitumia neno lile msimu mzima. Kujiuliza hakuwahi.

“Ile ya kibandani ni picha yake tu,” alisema Pimbi. “Zenyewe zinashukia juu, kwenye mwanzi.”

“Msimu mzima?”

“Msimu mzima.”

“Na bado ulikuja kuniomba uache kushika!”

“Nilikuwa nimeshiba, mzee.”

Kiboko hakutaka kusikia zaidi. Alizunguka nyuma ya Jiwe, akapanda kwa upande wa mteremko, mbwii, mbwii, mbwii. Akaushika mwanzi akautikisa. Kriii. Jani likasogea. Chenga kidogo zikamdondokea puani, nyingine ulimini. Akazionja. Zilikuwa za mchele.

“Mbona chache?” aliuliza.

“Saa hizi wanaonyesha taarifa ya habari,” alisema Pimbi. “Taarifa ya habari haina chenga nyingi. Subiri fainali.”

Jioni ileile Kiboko aliita mkutano wa bonde zima.

“Ndugu zangu,” alisema. “Kiongozi ni kujitolea. Nimemhurumia sana huyu Mama Zawena. Kesho mwanawe anacheza. Kesho antena nitashika mimi mwenyewe.”

Wanyama walipiga makofi. Nyumbu alitokwa na machozi. Pimbi peke yake ndiye aliyepinga.

“Hapana, mzee mwenyekiti! Hiyo kazi yangu! Nimeizoea! Usininyang'anye!”

“Nyamaza,” Kiboko alimnong'oneza. “Umeshakula vya kutosha.”

“Sasa mimi nitakaa wapi?”

“Utakaa kwenye kiti changu. Hiyo ndiyo adhabu yako. Utatazama picha ya chenga, mimi nile chenga.”

Jumamosi ikafika. Kiboko alipanda Jiwe akiwa ametoka majini moja kwa moja, anachuruzika. Mkono wa kulia akashika mwanzi. Mkono wa kushoto akashika simu. Akaelekeza uso juu na kufungua kinywa.

Kibandani, picha ilitulia kuliko siku zote. Mafundi watawaeleza sababu. Mimi nimeambiwa tu kwamba mnyama mkubwa aliyelowa, akishika antena, ni antena ya pili. Isitoshe kiti cha mbele kilikuwa na Pimbi, na Pimbi hazibi kitu. Kwa mara ya kwanza kibanda kizima kiliona katikati ya uwanja.

“Kumbe kuna duara pale katikati!” alisema Ngiri. “Halafu hili halizunguki.”

Kamera ikaenda golini. Zawena alikuwa amesimama, anapangusa viganja kwenye bukta. Kichwani alifunga kitambaa cha kijani, ambacho Pimbi alikitambua kwa sababu alikikata yeye. Pimbi alimtazama. Mwanawe alikuwa amekonda kidogo.

Kutoka juu ya Jiwe ilisikika sauti:

“Zinashuka?”

“Bado!” kibanda kilijibu. “Usiachie!”

Kumbukeni tatizo la antena ile. Ikishikwa, hakuna chenga. Kiboko alishika ili apate chenga. Kwa kadiri alivyoshika, ndivyo chenga zilivyokosekana.

“Zinashuka?”

“Bado! Shikilia!”

Uvumilivu ukamwisha, akatikisa mwanzi. Kriii, chwaaa. Chenga chache zikamdondokea ulimini. Kibandani uwanja ukacheza kama nguo kwenye kamba.

“Usitikise, mzee!” Pimbi alipiga kelele. “Ukitikisa zinamwagikia bonde la pili!”

Kiboko akatulia kama Jiwe lenyewe.

Kipindi cha pili Majabali wakafunga. “Gooooli!” Kibanda kikainuka. Kiboko akatazama simu. Kwenye simu mpira ulikuwa umetoka nje, unakwenda kuchukuliwa.

“Mnashangilia nini? Mpira uko nje!”

“Goli, mzee!”

“Goli gani? Nauona mpira, uko nje!”

“Subiri, litakufikia!”

Akasubiri. Kiduara kikazunguka. Goli likamfikia baadaye, akiwa ameshakasirika. Hakushangilia.

Dakika za mwisho, Mafuriko, hiyo ndiyo timu pinzani, walivamia. Beki wa Majabali akamkwatua mshambuliaji ndani ya boksi. Refa akaonyesha penalti. Mpigaji akaweka mpira. Zawena akasimama kwenye mstari, akatanua mikono.

Kibanda kikanyamaza. Nyumbu alinyamaza. Ngiri alinyamaza.

Juu ya Jiwe, Kiboko alikisikia kile kimya. Akatazama simu. Kwenye simu hakukuwa na penalti wala aliyeanguka. Mpira ulikuwa katikati ya uwanja, watu wanapasiana. Hakukuwa na sababu yoyote ya kunyamaza. Kibanda umiza hakijawahi kunyamaza tangu kijengwe. Na katika maisha yake Kiboko alijua sababu moja tu ya kundi zima kunyamaza kwa pamoja. Midomo imejaa.

“Mnakula!” alinguruma. “Chenga zangu mnazila huko chini!”

Akaachia antena, akaachia na simu. Akashuka kwa upande wa mteremko, mbwii mbwii mbwii mbwii.

Kwenye kioo, mpigaji alikuwa ameanza kukimbia. Chwaaaa.

“Usiachieeee!” kibanda kizima kililia.

Alikuwa ameshaachia. Mlango wa kibanda ulikuwa mdogo kuliko Kiboko, akaingia nao.

“Chenga ziko wapi?”

Mtu aliyekatishwa penalti haulizwi swali. Wote kwa pamoja, kwa hasira, bila kufikiri, walinyoosha mikono kwenye kioo.

“Si hizo hapo!”

Kiboko akatazama. Kioo kilikuwa kimejaa chenga, nyeupe, zinachemka, tele, za msimu mzima. Akatanua kinywa.

Ngap!

Alimeza runinga, waya na kreti la soda. Ilikuwa saa kumi na moja kamili jioni.

Zikafuata kelele. Nyumbu alimlaumu Kasuku. Kasuku aliilaumu antena, akailaumu tena. Ngiri alimlaumu refa. Mama Kanga alimlaumu Kiboko, akamhesabia kila kitu alichomeza na mlango juu yake. Hakuna aliyeona kwamba kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Pimbi alikuwa amekumbuka jambo moja. Simu inachelewa.

Alipanda Jiwe kwa upande wa ukuta, kwa nyayo zake zinazonata. Simu ilikuwa imelala pale ilipodondoka. Alipoiinua, kwenye simu beki wa Majabali ndiyo kwanza anamkwatua mshambuliaji. Refa akaonyesha penalti. Duniani penalti ile ilikuwa imeshapigwa. Kwa Pimbi ilikuwa haijapigwa.

Chini, wanyama wakamwona. Wakarundikana kwenye mguu wa Jiwe.

“Mama Zawena! Imepigwa?”

“Bado!”

Mpigaji akaweka mpira. Zawena akatanua mikono. Kiduara kikatokea.

“Imepigwa?”

“Bado! Inazunguka!”

“Aaaah!”

“Imepigwa?”

“Nimesema bado!”

“Shika antena!” alipiga kelele Nyumbu, kwa mazoea.

“Antena ya simu?”

“Wewe shika tu!”

Na Pimbi, kwa mazoea vilevile, akanyoosha mkono akaushika mwanzi. Kasuku anasema antena haina uhusiano wowote na simu, haina uhusiano. Sina sababu ya kumbishia. Naeleza tu mfuatano: Pimbi alishika mwanzi, kiduara kikaacha kuzunguka.

Mpigaji akakimbia. Akapiga. Zawena akaruka kushoto kwake, akajinyoosha, na mpira ukafika viganjani mwake ukanata, kama vitu vinavyonata kwenye viganja vya pimbi. Hakuuachia.

“Tayari?” waliuliza kutoka chini.

Pimbi alikuwa bado ameshika mwanzi.

“Tayari,” alisema.

Kioo kikawa cheusi. Bando lilikuwa limeisha.

Tangu siku hiyo, Kiboko akiibuka majini huanza kwa kuzungusha masikio, hili huku na lile kule. Anatafuta mawimbi. Na mkimwona amekaa ametanua kinywa kuelekea juu, wanaosema anapiga miayo hawajui wanachosema. Anasubiri chenga.

Mafunzo ya ngano hii ni haya. Ulafi ni kitu chema, kwa sababu bila ulafi wa Kiboko watu wasingejua kwamba uwanja una katikati. Pia antena ni bora kuliko mtandao, na shahidi ni Pimbi, aliyeiona penalti kwa mtandao. Atakayesema mafunzo hayo hayalingani na niliyosimulia, apande juu ya Jiwe ashike mwanzi, sisi tuendelee kuangalia.

— Imeisha?
— Bado!
— Kilichobaki ni nini?
— Kikao!

Kamati ya runinga ya Bonde la Mpunga ilikutana Jumatatu asubuhi. Mwenyekiti alihudhuria, akitoa sauti ya mtangazaji tumboni kila alipokohoa. Ajenda ilikuwa moja, kuchagua kati ya antena na mtandao. Runinga haikuwepo. Hadi tunakwenda mitamboni, kikao kilikuwa kinaendelea.